Gezira: shamba ni la nani, maji ni ya nani?

*Kule Sudani, katikati ya mito miwili, kuko shamba la pamba ambalo ukubwa wake unafikia karibu theluthi ya nchi ya Rwanda. Kwa miaka mia moja watu wanagombania vitu viwili mule: udongo na maji. Sasa vita imepita ndani, na maulizo ya zamani yamerudi.*

Mutajie mzee wa Kongolo ao wa Kabinda neno "pamba", utaona uso wake unabadilika. Pamba ya wakati wa Wabelgiji haikuwa kazi ya kupenda. Kuanzia dekreti ya mwaka 1917, mkulima alilazimishwa kulima; kiisha kompani moja tu ikapewa ruhusa ya kununua katika eneo lake, na bei ilipangwa mbali naye. Mwenye kukataa alijua kinachomngojea: faini, gereza, ao fimbo.

Miaka ileile, ku Sudani, Waingereza walikuwa wanatayarisha pamba ya namna ingine. Kwetu pamba ilingojea mvua. Kule mvua ni kidogo, kwa hiyo walileta mto mpaka ndani ya shamba. Mkulima hakufuatwa na kapita mwenye fimbo kila asubuhi. Lakini maji yalikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mwenye kuufungua. Kuelewa Gezira ni kuelewa ule mlango.

Udongo mweusi kati ya mito miwili

Jina Gezira, kwa Kiarabu, maana yake ni kisiwa. Si kisiwa cha kweli: ni tambarare iliyo kusini ya Khartoum, Nile ya Buluu ikipita mashariki, Nile Nyeupe magharibi, mpaka mito hii miwili inakutana mjini. Udongo wake ni mweusi, mzito, wa kushikana. Wakati wa jua unapasuka. Ukipata maji unavimba na kujifunga, maji hayapotei chini. Tena tambarare inateremka polepole kutoka upande wa Nile ya Buluu kuelekea kaskazini na magharibi. Mainjinia waliona faida mara moja: ukiinua mto kwa baraji, maji yatatembea yenyewe, bila pompe, na mifereji haina lazima ya simenti.

Walianza na majaribio madogo kwa pompe, pale Tayiba, mwaka 1911. Vita ya kwanza ya dunia ilichelewesha kazi. Mwaka 1925 baraji ya Sennar ikamalizika, ukuta wa karibu kilometa 3 ku Nile ya Buluu, na maji yakaingia ku shamba. Kwanza ilikuwa fedani kama 300,000 (fedani moja inapungukia kidogo nusu ya hekta: 0.42). Kiisha wakaongeza, wakaongeza tena, na kisha uhuru wakafungua sehemu ya Managil. Leo shamba lina fedani zaidi ya milioni 2, na familia zaidi ya 100,000 zenye sehemu ndani yake.

Kukodiwa udongo bila kuulizwa

Ile tambarare haikuwa pori tupu. Watu walikuwa wanalima mtama kwa mvua, wanachunga mifugo, na wengi walikuwa na haki za ardhi zilizojulikana. Serikali ya kikoloni ilijua kama ikiwanyang'anya wazi, itawasha moto. Ikapata mayele ingine: ilikodi udongo wao kwa nguvu ya sheria, kwa miaka 40, kwa kirushi 10 kwa fedani moja kila mwaka, ni kusema sehemu moja ya kumi ya paundi ya Misri. Mwenye ardhi alibaki mwenye ardhi ku karatasi. Lakini hakuweza kukataa kukodisha, wala kupandisha bei.

Kiisha serikali ikakata udongo uleule kwa vipande vilivyo sawasawa, ikawapa watu kama wapangaji. Mwenye ardhi wa zamani alikuwa wa kwanza kuchagua, lakini hakupewa yote aliyokuwa nayo; sehemu ingine ilienda kwa jirani ao kwa mgeni. Kipande cha mwanzo kilikuwa fedani 30: kumi za pamba, tano za mtama, tano za lubia kwa chakula cha mifugo, na kumi za kupumzika. Kila mwaka mimea inahama sehemu. Nani apande nini, wapi na siku gani, biro ndiyo ilisema.

Ndiyo mwanzo wa neno ambalo halijaisha mpaka leo. Udongo mmoja, watu wawili: mmoja anasema "ni wa babu yangu", mwingine anasema "ni mimi niliulima miaka yote". Wote wawili wanasema ukweli.

Pamba moja, mifuko mitatu

Pamba ya Gezira ilikuwa ya nyuzi ndefu, ile viwanda vya Lancashire vilitamani. Faida yake iligawanywa mara tatu: mpangaji alipata 40 kwa mia, serikali, yenye kujenga baraji na mifereji mikubwa, na kompani, yenye kuongoza shamba, ziligawana 60 iliyobaki. Mtama na lubia vilibaki vya mpangaji.

Ku karatasi ni kama ushirika. Tazama sasa namna ulivyotembea. Gharama za wote ziliandikwa ku hesabu moja, zikakatwa mbele ya kugawa. Mpangaji alichukua mikopo ya kulima na ya kuvuna, ikakatwa ku sehemu yake. Mwanzo wa miaka ya 1930, bei ya pamba ilianguka dunia nzima na magonjwa yakashambulia mimea. Wengi walivuna, wakapeleka magunia, wakaambiwa kama wako paka na deni.

Mwaka 1946 wapangaji wakafanya grevi ya kipekee: wakakataa kupanda. Walijua kuko mfuko wa akiba uliojengwa na jasho lao, ukikaa mikononi mwa wakubwa. Walitaka ugawanywe. Serikali ilipaswa kuzungumza nao, na tangu pale wapangaji wakapata watu wa kuwasemea. Mwaka 1950 kontra ya kompani ikaisha, haikurudishwa. Shamba likaingia mikononi mwa halmashauri ya Leta, miaka sita mbele ya uhuru wa Sudani. Kompani ilienda. Mlango wa maji ulibadilisha mwenye ufunguo, lakini mkulima hakuupata.

Maji yenye wenyewe wengi

Nyuma ya ugomvi wa ndani kulikuwa ule mkubwa zaidi: Misri. Misri inaishi kwa Nile, na kila tone lenye kunywewa na pamba ya Sudani iliona kama limetoka ku kikombe chake. Mwanzoni Waingereza waliahidi Gezira haitapita fedani 300,000. Kiisha, mwezi wa 11 mwaka 1924, Gavana Mkuu wa Sudani, Lee Stack, aliuawa Cairo. Katika hasira, Allenby, mkubwa wa Waingereza kule Misri, aliambia serikali ya Misri kama Gezira itamwagiliwa bila mpaka, kadiri inavyohitaji. Baadaye walipunguza makali, lakini Misri ilikuwa imeona: yule mwenye kushika mto juu anaweza kukufinya koo.

Mapatano ya 1929 yakaweka kipimo: Misri kilometa za ujazo 48 kwa mwaka, Sudani 4. Tena wakati mto uko chini, tangu mwezi wa kwanza mpaka wa saba, maji yenye kutembea yalikuwa ya Misri. Pamba ya Gezira inapandwa mwezi wa nane, inavunwa kuanzia mwezi wa kwanza. Kwa hiyo miezi yake ya mwisho ilipaswa kunywa maji yaliyowekwa ku Sennar wakati wa mafuriko. Mwaka 1959 Sudani huru ikapatana upya na Misri: 55.5 kwa Misri, 18.5 kwa Sudani. Etiopia, ambako Nile ya Buluu inatoka, haikuulizwa.

Na Kongo? Sisi pia tuliandikwa ndani ya hadithi hii, mbele Gezira haijazaliwa. Mwaka 1906, Uingereza na serikali ya Léopold II walipatana London. Kongo iliahidi kutojenga wala kuruhusu kujenga kitu ku mto Semliki ao Isango chenye kupunguza maji yenye kuingia Ziwa Albert, bila kupatana kwanza na serikali ya Sudani. Hakuna mtu wa Beni ao wa Bunia aliyeulizwa. Maji ya Semliki yanaenda mpaka Nile Nyeupe, yanapita upande wa magharibi wa Gezira. Pamba yenyewe inakunywa ile ya Buluu.

Mwisho wa mfereji

Tuingie sasa ndani ya shamba, kwa sababu ni pale mkulima anaonja ugomvi kila juma. Kutoka Sennar maji yanaingia ku mfereji mkuu, kiisha ku mikubwa, kiisha ku midogo, kiisha ku mtaro ambao watu wanauita abu ishrin, "baba wa ishirini", na mwisho ku vijitaro vya abu sitta, ndani ya shamba la mtu. Mifereji midogo ilifanywa mipana kwa sababu moja: maji yanatembea usiku na mchana, lakini mkulima anamwagilia mchana. Usiku mfereji unajaa na kungojea asubuhi, kama pipa. Mlinzi, wanamwita ghafir, ndiye alifungua na kufunga kwa amri ya biro.

Kazi hiyo inaomba mfereji kuwa safi. Nile ya Buluu inateremka kutoka milima ya Etiopia na matope mengi. Usipochimbua kila mwaka, pipa linajaa udongo, majani yanaota, na maji ya usiku hayana pa kulala. Wakati pesa ya Leta ilipopungua, kuchimbua kulipungua. Mwenye shamba karibu na mlango anamwagilia mpaka anatosheka. Yule wa mwisho anangojea, kiisha anaona mtama wake unakauka. Usiku watu wanavunja kingo, ndugu wanapelekana ku wazee. Wale wa bonde la Ruzizi, wenye kulima mpunga ku mifereji, hawana lazima ya kuelezwa namna hii.

Sheria ya 2005 na wale hawakuandikwa

Kuanzia mwaka wa 1981, ile hesabu ya pamoja iliondolewa. Kila mkulima akaanza kulipa kodi ya ardhi na ya maji. Mwaka 2005 sheria mpya ikatoka, Benki ya Dunia ikiwa kati ya washauri. Mkulima akapewa uhuru wa kuchagua mbegu, na vyama vya watumiaji wa maji vikapewa kazi ya mifereji midogo. Uhuru ulikuwa mzuri, lakini vyama vilipokea mifereji iliyojaa matope, bila mashini na bila pesa. Na kila mtu akipanda kitu chake siku yake, mfereji uliopangwa kwa ratiba moja unachanganyikiwa. Pamba, mama wa shamba, ikarudi nyuma. Ngano, mtama na karanga zikachukua nafasi.

Sheria ileile iliamsha wenye ardhi wa zamani. Kodi ya kirushi 10 ilikuwa imebaki jina tu, pesa yenyewe imekufa. Walienda ku tribinali kudai haki ya miaka yote ile. Wapangaji nao waliogopa: wakishinda wale, sisi tunakwenda wapi?

Lakini kuko kundi la tatu, na hili halina karatasi kabisa. Tangu mwanzo, wavunaji wengi wa pamba walikuwa watu waliotoka magharibi ya Sudani na mbali zaidi, mpaka Nigeria. Walikaa ku makambi kando ya mifereji. Jina la kikao ni kambo, wengi wake ni kanabi, na masikio ya mwenye Kiswahili yanasikia ndani yake "kambi" yetu. Wajukuu wao wamezaliwa pale na kuzika wazazi pale. Ku hesabu ya shamba wao ni mikono ya kazi tu.

Kisha vita

Vita ya Sudani ilianza tarehe 15 Aprili 2023. Mwezi wa 12 mwaka ule, kikosi cha RSF kikateka Wad Madani, mji mkuu wa Gezira. Vijiji vikaibiwa, matrakta na mbegu zikachukuliwa, watu wakakimbia kwa mamia ya maelfu. Ku Wad al-Noora, mwezi wa 6 mwaka 2024, zaidi ya watu mia moja waliuawa. Jeshi lilirudisha Madani mwezi wa kwanza mwaka 2025, na siku zilezile watu wa kanabi wakashambuliwa na kuuawa, wakishtakiwa kuwa walisaidia adui. Ule mstari wa zamani, kati ya mwenye karatasi na asiye nayo, ulitumiwa kuchagua nani afe.

Sasa wakulima wanarudi. Wanakuta mifereji imezibwa. Huko juu, Etiopia imefungua baraji yake kubwa mwezi wa 9 mwaka 2025, yenye kuweza kushika kilometa za ujazo 74. Inaweza kuisaidia Gezira, kwa sababu inapunguza matope na kuleta maji mwaka mzima. Inaweza pia kuiumiza, kama Addis Ababa na Khartoum hawaambiane siku ya kufungua na kufunga. Ufunguo umepanda mlima, mbali zaidi na mkulima.

Kwetu, sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Watu wanaishi juu yake kwa desturi ya wazee, na siku mradi mkubwa unakuja, wanaitwa ku mkutano kusikia kama wamepewa bahati. Wakija hivi kwako, uliza habari ya ardhi, ndiyo. Lakini usitoke pale bila kuuliza pia nani atafungua maji, nani atachimbua mfereji mwaka wa kumi, na jina la mvunaji litaandikwa wapi. Wale wa Gezira hawakupewa nafasi ya kuuliza, na wanalipa mpaka leo.