Ugonjwa wa Huntington na Wajibu Wetu kwa Wagonjwa

Tarehe 18 Mei 2017, mjini Vatikani, hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliwapokea wagonjwa wa Huntington pamoja na familia zao, wakiwemo waliotoka Amerika ya Kusini. Aliwakumbatia hadharani watu ambao kwa miaka mingi walifichwa kwa aibu.

Ugonjwa huu ni wa nadra, nao hurithiwa. Huharibu seli za ubongo polepole: viungo hutikisika bila kukusudia, mwendo hupepesuka, kisha kumeza, kusema na kufikiri huwa kwa shida. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 30 na 50, mgonjwa akiwa amekwisha kupata watoto. Na kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Wasiojua humdhania mgonjwa kuwa mlevi, au husema ukoo wake umelaaniwa.

Chanzo chake kilijulikana kwa ukarimu wa maskini. Mtafiti Mmarekani Nancy Wexler, ambaye mama yake alifariki kwa ugonjwa huo, alikwenda na wenzake katika vijiji vya kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako familia nyingi zimeurithi. Wanavijiji walikubali kutolewa damu. Kwa msaada wao, mwaka 1983 wanasayansi walitambua kuwa kasoro imo katika kromosomu ya 4, na mwaka 1993 wakaipata jeni yenyewe. Tiba ya kuuponya haijapatikana, na wengi wa waliotoa damu hiyo wangali maskini. Hilo ni deni la haki.

Kanisa huheshimu utafiti unaomtumikia mwanadamu. Mgonjwa aelezwe na aridhie kwa hiari, na matunda ya utafiti yamfikie. Siku ile Baba Mtakatifu aliwatia moyo watafiti, akiwakumbusha pia kwamba hakuna lengo, hata liwe jema namna gani, linalohalalisha kuangamiza viinitete vya binadamu.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua dhambi iliyosababisha upofu wa mtu. Bwana alikataa hesabu hiyo, akamhudumia. Nasi katika jumuiya zetu ndogo ndogo tuache kutafuta mchawi au laana. Tumtembelee mgonjwa, tumlishe kwa subira, tumpumzishe anayemuuguza, na tumpelekee Ekaristi Takatifu. Watoto wake tusiwanyoshee kidole. Wanabeba hofu ambayo sisi hatujaibeba.