Ndevu, Mafuta ya Lozi na Maji ya Udhu



Hapa kwetu Manyovu, katika milima ya Buhigwe inayopakana na nchi ya Burundi, miezi ya kiangazi ina baridi kali wakati wa alfajiri. Upepo ni mkavu, midomo hupasuka, na ngozi iliyo chini ya ndevu hubanduka maganda meupe mfano wa pumba. Asubuhi moja ya majira hayo, tulipokuwa tukitawadha msikitini, tulimwona kijana mmoja katika wanafunzi wetu wakubwa akiosha uso mara tatu, na kila mara maji yakiteleza juu ya kidevu chake kama yatelezavyo juu ya jani la mgomba. Tulipomsogelea tukaona utando mweupe wa mafuta yaliyoganda.

"Maalim," akatuuliza kwa sauti ya chini, "je, udhu wangu umesihi?"

Tulimwambia aoshe kidevu kwa sabuni na maji ya moto, kisha atawadhe upya na kusali. Baada ya sala tukakaa naye faraghani, naye akatueleza habari yake yote. Wenziwe walikuwa wakimcheka kwa kuwa ndevu zake ni chache. Basi akachukua fedha aliyoichuma kwa kubeba mizigo sokoni, akanunua chupa ndogo kwa mchuuzi mmoja aliyemwapia kwamba hayo ni mafuta ya lozi tamu, na kwamba mwezi mmoja hautapita ila kidevu chake kitajaa. Miezi mitatu ilikuwa imepita. Ndevu zilikuwa vile vile, na fedha imekwenda.

Nasi nyumbani tulikuwa na chupa ya mafuta ya lozi tuliyoletewa na ndugu yetu kutoka Unguja. Tukaziweka chupa zote mbili dirishani usiku kucha. Kulipopambazuka, mafuta yetu yalikuwa yakimiminika kama maji. Yale ya kijana yalikuwa yameganda kama samli, na chini ya manukato yake twanusa harufu ya mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, ambayo kila nyumba ya Kigoma yaijua. Mafuta halisi ya lozi hayagandi kwa baridi ya milima yetu. Hayo huhitaji baridi ipitayo ile igandishayo maji. Kwa hiyo, yakiganda katika chupa, fahamu kwamba si lozi tupu. Lakini yasipoganda, usiseme umekwisha kuhakikisha, kwani mafuta ya alizeti nayo hayagandi. Nunua kwa mtu unayemjua, tena soma maandishi ya chupa.

Sasa turudi kwenye swali la kijana, maana ndilo zito kuliko fedha. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoifuata wengi wetu Afrika Mashariki, ndevu za mwanamume zina hukumu mbili. Zilizo nyepesi, ambazo ngozi yaonekana kati yake watu wakaapo kuzungumza, yapasa maji yafike mpaka ngozini. Zilizo nzito, yatosha kuosha nje yake, na kupitisha vidole ndani yake ni sunna. Ama kuhusu mafuta, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameeleza katika Al-Majmuu kwamba mafuta ya majimaji yaliyobaki mwilini hayaharibu udhu maadamu maji yapita juu ya kiungo, hata yasipotulia hapo. Lakini kitu chenye mwili wake, kama nta, huzuia maji, nacho ni lazima kiondolewe kwanza. Basi yule kijana mwenye ndevu nyepesi na utando ulioganda alikuwa na haki ya kuuliza, na wazee wengi wapakao mafuta mazito kila usiku wangefaa wajiulize vivyo hivyo.

Je, mafuta ya lozi yana faida gani? Lozi ni tunda la mti usioota katika vilima vyetu. Hulimwa Hispania, Iran, Moroko na kwingineko, na nyingi kupita zote hutoka jimbo la California huko Marekani. Mkungu wa pwani, ambao watoto hupasua kokwa zake wakala, si mlozi. Tena lozi zenyewe ni aina mbili, tamu na chungu. Lozi chungu zina kitu kizaacho sumu, kwa hiyo yafaayo kwa matumizi ya nyumbani ni ya lozi tamu. Mafuta hayo ni mepesi, huenea upesi, na yana vitamini E. Hulainisha unywele mkavu ili chanuo lipite bila kuukata, huzuia unyevu wa ngozi usipotee upesi, na hupunguza mwasho na maganda yaletwayo na upepo wa kiangazi. Na kwa kuwa hayagandi, hayatuachii ule utando tuliouona alfajiri ile.

Walakini kuna jambo moja ambalo hayalifanyi: hayaoteshi ndevu pasipokuwa na ndevu. Wingi wa ndevu hutokana na nasaba ya mtu, umri wake, na homoni alizoumbwa nazo. Wako vijana ambao ndevu zao hazitimii mpaka wapite miaka 25, na wako wasiozipata maisha yao yote. Yasimuliwa katika vitabu vya tarehe kwamba Sahaba Qays bin Saad bin Ubada hakuwa na ndevu, na watu wake wa Ansari walikuwa wakisema kwamba lau ndevu zingenunuliwa, wangetoa mali yao wamnunulie. Hazikununuliwa! Pamoja na hayo Qays alikuwa mashuhuri kwa ukarimu na ushujaa, na Sayyidna Ali akamfanya liwali wa Misri. Kama hapakuwa na chupa ya kumwotesha ndevu bwana huyo, kijana wetu naye asione haya.

Aliyejaaliwa ndevu, nyingi au chache, na azitunze. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba mtu mmoja aliingia msikitini nywele na ndevu zake zikiwa zimetimka, naye Mtume (s.a.w.) akamwashiria atoke akazitengeneze, akaenda, kisha akarudi akiwa nadhifu. Njia yenyewe ni nyepesi. Osha ndevu kwa sabuni laini, uzifute kwa taulo mpaka zibakie na unyevu kidogo. Tia matone matatu au manne kiganjani, sugua viganja, upake kuanzia ngozini hadi nchani, kisha uchane. Matone zaidi ni ubadhirifu, tena hukusanya vumbi. Funika chupa vizuri, uiweke mbali na jua na jiko. Na mafuta yakianza kunuka uvundo, yamwage.

Kabla ya kupaka usoni mara ya kwanza, paka tone moja mkononi, ungoje siku moja uone kama ngozi itawasha. Mwenye kudhurika akila lozi au korosho asiyaguse kabisa. Na ukiona mba isiyokoma, choa, au vipele vyenye usaha, nenda zahanati. Hapo mafuta si dawa, na pengine huzidisha ugonjwa.

Asiyeweza kununua lozi asidhani amekosa sunna. Sunna ni usafi na unadhifu, wala si jina la mafuta. Mise yetu ni mafuta mema, hutengenezwa sabuni na hulainisha ngozi. Ila wakati wa baridi uyapake kidogo tu, na kabla ya udhu wa alfajiri upitishe vidole kidevuni. Ukikuta utando, tumia sabuni kwanza.

Wazazi nao tuwakanye wana wetu wasimcheke mwenzao kwa umbo alilopewa na Muumba wake, maana kicheko hicho ndicho kilichompeleka kijana wetu kwa mchuuzi. Ndevu zake bado ni chache. Siku hizi huzichana, na maji humfika ngozini.

Mwenyezi Mungu atujaalie usafi wa dhahiri na wa batini. Amin.