Tairi la Trela Huzeeka Likisimama

Madinat Sultan Qaboos ni mtaa wa vilima nyuma ya Qurum, mjini Maskati, uliojengwa miaka ya 1970. Ukipita njia zake za ndani utaona boti za faiba zimepandishwa juu ya trela kando ya kuta nyeupe, nyingine chini ya turubai, nyingine juani moja kwa moja. Wenyewe ni watu wanaovua kwa raha zao Ijumaa na Jumamosi, na Maskati haina uhaba wa familia ambazo wazee wao walirudi kutoka Unguja, Pemba na Mombasa na habari za bahari bado wanazizungumza kwa Kiswahili.

Samaki anayewatoa wengi nyumbani ni nguru. Kila mwaka uvuvi wake hufungwa Oman kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba ili apate kuzaliana. Ukijumlisha miezi hiyo na joto la Juni na Julai, ambalo peke yake linatosha kumfungia mtu ndani, unapata boti iliyokaa mahali pamoja majira yote ya kiangazi. Msimu unapofunguliwa, boti hufungwa nyuma ya gari na kuelekea Qurayyat, au Sur iliyo mbali zaidi, au upande wa pili hadi Sawadi kwa wanaotaka kuviona visiwa vya Daymaniyat. Mashine imewashwa ikajaribiwa, barafu imenunuliwa, mishipi imefungwa upya. Matairi yamepigwa teke moja, yakaonekana magumu, basi.

Teke halisemi kitu. Tairi la gari la kila siku huisha kwa kwenda: mifereji yake hulika mpaka likawa kipara, na mwenye gari huona kwa macho kwamba wakati umefika. Tairi la trela mara nyingi hufa likiwa na mifereji mizima kabisa. Ndani ya raba viwandani huchanganywa nta na dawa za kuzuia ozoni na jua visiile. Tairi linapozunguka na kujikunja barabarani, dawa hizo husukumwa nje na kuufunika uso wake. Likisimama miezi, hazitoki ipasavyo, na raba hukauka. Chukua tochi, upige magoti, utazame ubavu wa tairi pale unapokutana na rimu, kisha chini kabisa ya mifereji. Ukiona nyufa nyembamba kama unywele zimezunguka, tairi hilo limekwisha hata kama halijatembea kilomita elfu mbili. Usisahau ubavu wa ndani, ule usioonekana mtu akiwa amesimama.

Joto la Oman huzidisha yote hayo. Qurayyat, mji ule ule wa wavuvi ambako boti nyingi za Maskati hupelekwa, uliingia katika habari za dunia mwezi Juni 2018 pale kipimajoto kilipokaa saa 24 nzima bila kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwemo. Hiyo ni hewa tu. Lami ya mchana huwa kali zaidi. Marekani, mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ilichunguza kumbukumbu za kampuni moja kubwa ya bima. Majimbo matano ya joto, yakiwemo Texas, Arizona na Florida, yalikuwa na asilimia 27 ya wateja wa kampuni hiyo, lakini asilimia 77 ya madai ya matairi yalitoka huko, na asilimia 84 ya madai hayo yalihusu matairi yaliyozidi miaka sita. Umri na joto vikikutana, nyuzi za chuma ndani ya tairi huachana na raba, na uso mzima hubanduka gari likiwa mwendoni.

Nchi za Ghuba zililijua jambo hili mapema. Agosti 1999 Ford ilianza kubadilisha matairi ya Firestone ya magari ya Explorer Saudi Arabia na nchi jirani, kwa sababu yalikuwa yakibanduka. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Agosti 2000, Firestone ilitangaza Marekani kuyarudisha matairi milioni 6.5 yaliyokuwa bado barabarani. Vifo 271 vilihusishwa na matairi hayo. Kasoro ya utengenezaji, upepo mdogo, mzigo na joto vyote vilitajwa katika uchunguzi ule, na upepo na mzigo viko mikononi mwa anayeliendesha gari.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, ufuate mstari wake hadi tarakimu nne za mwisho: 3221 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2021. Kwa tairi la trela linalokaa juani Maskati, miaka mitano ni mingi, na sita ni kubahatisha. Tarakimu hizo zisomwe pia dukani kabla ya pesa kutoka mfukoni, iwe Wadi Kabir au Ghala, kwa kuwa tairi lililokaa stoo miaka mitatu linang'aa sawasawa na lililoshushwa jana. Wakati mwingine maandishi kamili yako upande mmoja tu, kwa hiyo fundi aombwe aligeuze.

Baada ya umri huja mzigo, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Tuseme boti pamoja na trela, mashine na vifaa ni kilo 1,500. Takriban sehemu moja ya kumi huangukia kwenye gari linalovuta, zikabaki kilo 1,350 juu ya matairi mawili, yaani 675 kwa kila moja. Tairi la ST175/80R13 la daraja C, ambalo huonekana sana kwenye trela ndogo, hubeba kilo 617. Halitoshi. ST205/75R14 la daraja hilo hilo hubeba 798, na linabakiza nafasi ya kupumulia. Trela ipimwe mizani ikiwa imejaa kama inavyokwenda baharini, kwa sababu lita 200 za petroli peke yake ni kilo 150, na masanduku ya barafu hayajahesabiwa.

Herufi ST ni alama ya Kimarekani ya tairi la trela, ambalo mbavu zake ni ngumu ili trela isiyumbe. Ulaya hutumia zaidi matairi ya magari ya mizigo yenye herufi C, na haya yanapatikana kirahisi popote zilipo Hiace: 195R15C lenye namba 106 hubeba kilo 950, mradi rimu na madigadi viruhusu. Tairi la gari dogo la abiria si la kazi hii. Ubavu wake ni laini, na uwezo ulioandikwa juu yake hupaswa kugawanywa kwa 1.1 linapowekwa kwenye trela. Mwendo nao una kikomo: ST lisilo na herufi ya mwendo lilikusudiwa kilomita 105 kwa saa, ilhali barabara kuu za Oman huruhusu magari 120. Anayevuta boti atulie katika njia ya kulia.

Uwezo wote huo upo tu ikiwa upepo umejaa. Kilo 798 za tairi lile la ST205/75R14 ni kwa psi 50, si 35 ambazo fundi wa pancha humwekea kila mtu kwa mazoea. Upepo upimwe alfajiri kabla ya safari, na likishapata moto barabarani usipunguzwe, kwa kuwa lilitengenezwa ikijulikana kwamba upepo utapanda.

Matairi ya ekseli moja yabadilishwe pamoja, ya aina moja, na vali mpya juu yake. Rimu iliyoliwa na chumvi pale tairi linapokaa itavujisha upepo hata tairi liwe jipya namna gani. Isuguliwe au itupwe. Beringi zipakwe grisi fundi akiwa ameshafungua gurudumu, maana kitovu chenye moto kikizamishwa ghafla baharini huvuta maji ya chumvi ndani. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 80 hivi.

Tairi la akiba lazima liwepo, lenye umri wa kueleweka, si lile kuukuu lililobaki. Na kabla ya kuondoka, spana ya gari ijaribiwe kwenye nati za trela. Mara nyingi saizi hazilingani, na jeki ya gari haifiki chini ya ekseli iliyobeba boti, mambo ambayo ni afadhali kuyagundua Alhamisi jioni mlangoni kuliko Ijumaa kando ya barabara ya Qurayyat, maduka yakiwa yamefungwa na malori yakipita ubavuni.