Pikipiki kubwa ya mtumba: mambo ya kujua kabla ya kutoa pesa

Mkazi wa Masinga aliyeuza ndengu, maembe au samaki wa bwawa na kuweka akiba vizuri anaweza siku moja kuonyeshwa picha ya pikipiki ya mbio kwenye simu: Yamaha R1, Suzuki GSX-R, Honda CBR au Kawasaki Ninja. Imetumika, inang'aa, na muuzaji ana haraka. Hakuna sheria inayomzuia mtu mzima mwenye leseni kuinunua. Hata hivyo, bei inayotajwa ni sehemu tu ya gharama, na mashine yenyewe ni tofauti sana na pikipiki tulizozizoea. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kuhusu nguvu yake, leseni, hati za umiliki, ukaguzi, matunzo na barabara zetu.

Nguvu isiyo ya bodaboda

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria hapa kwetu ni za cc 100 hadi 150. Bajaj Boxer ya cc 150 ina nguvu za farasi 12 hivi. Yamaha R1 ya mwaka 2004, ambayo ni ya cc 998, ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 172 na uzani wa kilo 172 kabla ya kutiwa mafuta na oili. Uzani wake haufiki mara mbili ya Boxer, lakini nguvu yake ni kama mara 14. Gia ya kwanza peke yake inaweza kuipitisha kilomita 100 kwa saa.

Mwendeshaji wa bodaboda huzoea kukaza mafuta hadi mwisho ili apande mlima na mzigo. Mkono huo huo ukifanya hivyo kwenye pikipiki ya cc 1000, gurudumu la mbele linaweza kuinuka au la nyuma likateleza kabla hajafikiria la kufanya. Breki nazo ni kali. Kidole kimoja au viwili vinatosha, na ukiikamata breki ya mbele kwa ghafla tairi hujifunga na kuteleza.

Pikipiki za mbio za miaka ya karibuni zina vifaa vya kompyuta vinavyopunguza makosa hayo. Honda ilianza kutoa breki za ABS kwa CBR600RR na CBR1000RR za mwaka 2009, tena kwa mnunuzi aliyezilipia zaidi. Nyingi za kabla ya hapo, ambazo ndizo za bei nafuu sokoni, hazina ABS wala kidhibiti cha kuteleza kwa tairi. Uliza mwaka wa kutengenezwa, na uone mwenyewe kama vifaa hivyo vipo na vinafanya kazi.

Leseni ni moja, ujuzi ni mbalimbali

Nchini Kenya leseni za pikipiki ziko katika kundi A. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi cc 50, kuanzia umri wa miaka 16. A2 ni la pikipiki ya kawaida, kuanzia miaka 18. A3 ni la wanaobeba abiria au vifurushi kwa malipo na waendeshao magurudumu matatu, kuanzia miaka 21.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2013, kijana huanzia pikipiki dogo na kupanda ngazi. Pikipiki isiyo na kikomo cha nguvu humngoja hadi awe na uzoefu wa miaka miwili kwenye ya kati, isipokuwa awe ametimiza umri mkubwa zaidi, kwa kawaida miaka 24. Kwetu hakuna ngazi hiyo. Aliyefanyia mtihani kwenye cc 125 anaweza kesho yake kupanda cc 1000.

Kwa hiyo ngazi hiyo ujiwekee mwenyewe. Mwaka mmoja au miwili kwenye pikipiki ya cc 250, kama Honda CBR250R yenye nguvu za farasi 26 hivi, itakufundisha kukaa, kukunja kona na kutumia breki mbili kwa pamoja. Pia utaiuza kwa urahisi zaidi ukibadili nia.

Hati kwanza, pesa baadaye

Usajili wa vyombo vya moto na uhamisho wa umiliki ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Ofisi za kaunti hazihamishi umiliki, na yeyote anayekuambia "ana mtu wa kaunti" wa kukumalizia anakudanganya.

Anza kwa kuomba rekodi ya chombo kupitia akaunti yako ya eCitizen, kwa nambari ya usajili. Rekodi hiyo inaonyesha jina la mwenye chombo, nambari ya fremu na ya injini, na kama kuna benki au mkopeshaji anayekidai. Kisha zilinganishe nambari hizo na zilizogongwa kwenye chuma. Ya fremu huwa shingoni, karibu na usukani, na ya injini huwa kwenye mwili wa injini. Pikipiki nyingi zina nambari ya fremu yenye tarakimu na herufi 17, lakini zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na nambari fupi, kwa hiyo ufupi peke yake si dalili ya wizi. Dalili mbaya ni chuma kilichosagwa, kupakwa rangi upya mahali pa nambari, au herufi zisizo kwenye mstari mmoja. Ukiona hivyo, ondoka.

Anayekuuzia awe ndiye mwenye jina kwenye logibuku, na kitambulisho chake kifanane. Kama mwenye jina amefariki, familia haiwezi kukuuzia kihalali kabla mahakama haijawapa hati ya kusimamia mirathi. Pikipiki yenye nambari za nchi jirani, au isiyo na nambari kabisa kwa madai kwamba "ushuru unashughulikiwa", ni hatari yako wewe, kwani Mamlaka ya Ushuru, KRA, inaweza kuitwaa popote itakapoikuta.

Uhamisho huanzishwa na muuzaji katika akaunti yake ya eCitizen, kisha mnunuzi huukubali katika yake. Wote wawili wanahitaji kitambulisho na PIN ya KRA. Asiye na intaneti anaweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma mjini Machakos. Chini ya Sheria ya Trafiki, chombo kilichobadili mikono hakipaswi kutumika zaidi ya siku 14 kabla ya kusajiliwa kwa jina la mmiliki mpya. Sheria hiyo pia humchukulia aliye kwenye rekodi kuwa ndiye mwenyewe hadi ithibitishwe vingine. Mkataba wa mkono ulioandikwa hotelini haubadilishi rekodi. Mnunuzi asiyehamisha hana mali kwenye rekodi, na muuzaji asiyehamisha ndiye atakayetafutwa siku pikipiki ikigonga mtu.

Kuikagua

Nenda mchana, na mpigie muuzaji simu umwombe asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyopoa husema ukweli. Ikikataa kuwaka, ikitoa moshi wa buluu au ikigonga, utasikia na kuona.

Nenda na fundi aliyewahi kufungua injini ya mitungi minne inayopozwa kwa maji. Fundi hodari wa bodaboda si lazima awe amewahi kuishika. Pamoja naye angalieni haya:

• Alama za kuanguka: ncha za usukani zilizokwaruzwa, lever zilizopinda, plastiki zilizogundishwa, na vizuizi vya usukani vilivyobonyea karibu na shingo ya fremu. Fremu iliyopinda haitengenezeki kwa nyundo.
• Shoku za mbele: zibonyeze mara kadhaa. Oili ikionekana kwenye bomba, sili zimekufa, na oili hiyo inaweza kufika kwenye breki.
• Tairi: tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la miaka mingi huwa limekauka kwa jua na halishiki lami.
• Cheni: ivute nyuma ya sprocketi. Ikiachana na meno, imekwisha.
• Maji ya kupoza: iache iwake ikiwa imesimama hadi feni izunguke. Feni isiyozunguka kwenye joto la Masinga itaiua injini.
• Taa za tahadhari: zinapaswa kuwaka ukifungua swichi na kuzimika baada ya injini kuwaka au kuanza mwendo. Isiyowaka kabisa huenda imekatwa waya ili kuficha hitilafu.

Usiamini kilomita za kwenye dashibodi peke yake. Uliza risiti za sevisi.

Gharama zinazofuata

Kabla ya kukubaliana bei, piga simu kwa wauza spea na uandike bei za vitu sita: tairi mbili, cheni na sprocketi zake, pedi za breki, oili na filta, betri, na bima ya mwaka. Jumlisha. Hizo ndizo gharama za mwaka wa kwanza au wa pili, na kwa pikipiki iliyochoka huja zote pamoja.

Tairi la nyuma la pikipiki hizi ni pana, mara nyingi 180/55 au 190/50 ya inchi 17, na limeundwa kwa mwendo wa kasi. La bodaboda haliwezi kuchukua nafasi yake. Huwa laini ili lishike lami, kwa hiyo huisha mapema. Oili ni lita 3 hadi 4 kwa mara moja, na iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze. Majimaji ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama hukwenda mbali. Petroli nunua kituoni, si ya chupa kandokando ya barabara.

Bima ya wahusika wengine ni ya lazima kwa mujibu wa sheria. Soma masharti, kwani bima ya matumizi binafsi haikusudiwi abiria wa kulipa.

Barabara zetu

Lami tuliyo nayo ni ya barabara kuu ya Thika–Garissa na ile itokayo Kangonde kupitia Masinga kuelekea Embu. Ukiiacha kuelekea vijijini, iwe Ekalakala, Ndithini au Muthesya, unakutana na murramu, mchanga na mabonde ya mito ya msimu. Pikipiki ya mbio iko chini, usukani wake haugeuki sana, na tairi zake hazina meno ya kushika changarawe. Kama nyumba yako iko kilomita tano ndani ya murramu, utaanza na kumaliza kila safari kwa taabu, na mvua ikinyesha utaiacha kwa jirani.

Hata kwenye lami kuna mbuzi, ng'ombe na punda wa maji wanaovuka, mchanga uliomwagika kutoka kwa malori, matuta yasiyo na rangi, na watoto wa shule. Hesabu ni hii, ukichukua sekunde moja ya kushtuka na breki nzuri kwenye lami kavu:

• Kwa kilomita 50 kwa saa, utasimama baada ya mita 28 hivi.
• Kwa kilomita 100, mita 83 hivi.
• Kwa kilomita 150, mita 165 hivi, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira na nusu yake.

Taa ya pikipiki usiku haikuonyeshi punda mweusi aliye mita 165 mbele yako. Ndiyo sababu usiku ni wakati wa kwenda polepole zaidi, au wa kutosafiri kabisa.

Katika masoko na miji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na kushindana kwa kasi kwenye barabara ya umma bila idhini ni kosa. Ekzosi iliyokatwa ili ipige kelele huwasumbua wagonjwa, hushtua mifugo, na inaweza kukuingiza katika kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2009. Anayetaka kujua pikipiki yake inafika wapi aende kwenye uwanja wa mbio, kama Whistling Morans karibu na Athi River, siku iliyoandaliwa na wenye idhini.

Mwili wako

Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi yenye kuakisi mwanga, na kinaruhusu abiria mmoja tu. Nunua helmeti yenye alama ya KEBS au ya ECE, ikukaze vizuri, na uifunge kidevuni. Uchunguzi wa kimataifa umeonyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ongeza glavu, viatu vinavyofunika vifundo na jaketi nzito. Joto la Masinga linachosha, lakini ngozi iliyochunwa na lami huchukua miezi kupona.

Ajali ikitokea, piga 999 au 112. Usimvue majeruhi helmeti kama anapumua vizuri, na usimkunje kumpakia kwenye pikipiki nyingine. Kutoka Masinga, majeraha makubwa ya kichwa na mifupa huweza kumaanisha safari ndefu hadi Hospitali ya Machakos ya Level 5. Hakikisha umejisajili SHA na michango yako imelipwa kabla hujanunua pikipiki.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Ukishapata rekodi safi, fundi anayeijua mashine, pesa za tairi, helmeti nzuri na uzoefu wa pikipiki ndogo, nunua na uiendeshe kwa amani. Kama moja kati ya hayo halijapatikana, iache pesa benki. Pikipiki nyingine itauzwa mwakani.