Je, Wajua? Ng'ombe wa Siagi, Treni za Kugonganishwa na Vituko Vingine vya Maonyesho ya Kilimo Marekani

Je, wajua kwamba mambo yalianza na kondoo wawili? Mwaka 1807 Elkanah Watson, mfanyabiashara aliyeingia kwenye ukulima, aliwaweka kondoo wake wawili wa Merino katika uwanja wa mji wa Pittsfield, Massachusetts, majirani wajionee sufu yao. Watu wakajaa. Akawaza: kama wawili tu wamevuta umati huu, zizi zima je? Mwaka 1810 akaitisha maonyesho ya mifugo.

Je, wajua kwamba akina mama waliona haya kwenda? Mwaka 1813 Watson alitenga zawadi za vitambaa vilivyofumwa nyumbani. Vitambaa vililetwa, wenye navyo hawakutokea. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana. Mzee akamleta mkewe ukumbini, kisha akatuma watu wapite mjini wakitangaza kuwa Mama Watson amefika na anawangoja wenzake. Haikuchukua muda, wakamiminika. Ukitaka kujua ni lini shughuli ya wanaume na fahali wao iligeuka kuwa matembezi ya baba, mama na watoto, mimi naanzia hapo.

Maonyesho ya kwanza ya jimbo zima yalifanyika Syracuse, New York, mwaka 1841. Iowa, jimbo la mahindi na nguruwe, lilifuata mwaka 1854 katika mji wa Fairfield. Kiingilio: senti 25.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa kwanza watazamaji waliwapinga waamuzi? Palikuwa na shindano la wanawake la kupanda farasi, zawadi saa ya dhahabu. Binti wa miaka 13 alipanda kwa namna iliyowafanya watu wasimame na kushangilia, lakini saa akapewa mwingine. Umati haukukubali. Wakachangishana papo hapo, na fedha ikatosha kumpa binti zawadi yake na kumlipia shule. Saa ya dhahabu ingesimama siku moja. Shule ilikuwa zawadi bora, hata kama waamuzi hawakuitoa wao.

Je, wajua kwamba siku hizi maonyesho ya Iowa hufanyika Des Moines kwa siku 11 za Agosti, yakianza karibu na Nane Nane yetu, na hupokea zaidi ya watu milioni moja? Jimbo lenyewe lina watu milioni tatu na kidogo.

Foleni ndefu ni ya kumwona ng'ombe wa siagi. Ndiyo, siagi ya kupaka mkate. Amekuwapo tangu 1911: takriban kilo 270 zilizokandikwa juu ya kiunzi cha mbao na waya, ndani ya chumba cha kioo chenye baridi ya nyuzi 4 hivi. Wenyewe wamepiga hesabu kwamba siagi hiyo ingetosha vipande 19,200 vya mkate. Lakini hailiwi, hutunzwa na kutumika tena, hata kwa miaka 10. Kuanzia 1960 hadi 2005 aliyemfinyanga alikuwa Norma Lyon, mama wa watoto tisa. Alitamani kusomea udaktari wa mifugo, lakini kozi hiyo wakati huo haikupokea wanawake, akasomea sayansi ya wanyama. Mwaka 1999 alifinyanga Karamu ya Mwisho ya Yesu na wanafunzi wake, yote kwa siagi.

Je, wajua kwamba utepe wa bluu ndio wa mshindi wa kwanza Marekani, na mwekundu ni wa pili? Uingereza wao mwekundu ndio wa kwanza. Usije ukampongeza mtu vibaya.

Sasa ingia bandani. Asubuhi watoto huwaogesha ndama kwa sabuni, wakawakausha kwa mashine ya kupuliza upepo na kuwachana manyoya mpaka yasimame. Uwanjani kila mtoto ameshika kamba mkono mmoja na fimbo ndefu yenye ndoano mkono wa pili. Fimbo hiyo si ya kuchapa. Ndoano inapanga miguu ya ndama ikae sawa, kisha inamkuna tumbo taratibu ili atulie jaji anapopita. Wengi wa watoto hao ni wa vilabu vya vijana vya 4-H, ambavyo alama yao ni jani lenye sehemu nne. Kenya nayo ina ndugu zao: vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyofufuliwa mashuleni mwaka 2021.

Je, wajua kuna shindano la kumwita mume? Mwanamke husimama jukwaani na kupaza sauti kama anamwita mzee kutoka shamba la mbali. Waamuzi hutoa alama. Kuna pia la kuita nguruwe, na sithubutu kusema yanafanana.

Je, wajua kwamba treni ziligonganishwa makusudi? Joe Connolly alifanya biashara ya kununua injini kuukuu na kuziachia zivaane mbele ya watazamaji. Onyesho lake la mwisho lilikuwa Iowa mwaka 1932, mwaka wa uchaguzi wa rais; injini moja iliandikwa jina la mgombea Hoover, nyingine la mpinzani wake Roosevelt.

Na ile sukari ya pamba wanayoililia watoto? Mashine yake ilibuniwa mwaka 1897, na mmoja wa wabunifu wawili alikuwa daktari wa meno. Alijua anachokifanya.

Wenye subira hawaji kwa siku moja. Uwanja wa Iowa una ekari 160 za kambi, na zipo familia zinazopiga hema au kuegesha gari la kulala palepale walipolala babu zao.

Je, wajua maonyesho ya Iowa yamesimama mara chache mno? Mwaka 1898, kisha 1942 hadi 1945 kwa sababu ya vita, na 2020 kwa sababu ya korona. Mwaka huo wa korona bembea zilifungwa na umati ukabaki nyumbani, lakini watoto waliitwa Des Moines na mifugo yao, wakashindana.