Chai ya vipi, chai ya ngapi

Msomaji wa Sigor, kaunti ya Bomet, ameuliza: ikiwa mizani ya kituo cha majani chai imeshasema kilo, karani anapekua gunia akitafuta nini tena?

Anatafuta kisichoonwa na mizani: majani mawili na chipukizi, laini, yasiyopondeka. Vitabu vya mbinu za utafiti huuita uchunguzi huo wa kithamano, na ule wa mizani wa kiidadi. Neno la kwanza linakera. Kwa mkulima thamani ni bei, na bei ni namba tupu! Heri tuseme uchunguzi wa vipi na uchunguzi wa ngapi. Hata mtoto anajua swali lipi hujibiwa kwa kuhesabu.

Uhondo wenyewe uko kiwandani. Katika seli ya jani, kemikali ziitwazo katekini hukaa ndani ya vakuoli, na kimeng'enya cha kuzigeuza hukaa kwenye kloroplasti. Ni nyumba yenye stoo iliyojaa unga na mpishi aliyefungiwa chumba kingine. Mashine ya kuponda, kurarua na kukunja ikipita, kuta zote huanguka. Mpishi anauvamia unga, hewa inaingia, na oksijeni ndiyo kuni zake. Anachopika kwanza ni theaflavini, yenye rangi ya dhahabu na mkato ulimini. Lakini mpishi huyu hajui kuepua: akiachwa, chungu kizima kinakuwa thearubijini, nyekundu ya kahawia, na mkato unafifia. Ndipo joto la kikaushio linapomzima. Viwandani upishi huu huitwa uchachushaji, ingawa hapana hamira hata chembe. Ndugu yake wa kweli ni parachichi lililokatwa likageuka jeusi.

Wakati wa kumzima hujulikana kwa pua na macho: harufu ya nyasi imekwisha, majani yamekuwa rangi ya shaba.

Mwaka 1972 watafiti Hilton na Ellis walionyesha kwamba katika chai ya Afrika ya Kati, kiasi cha theaflavini hufuatana na bei. Ngapi imeshinda? Huko Kericho, mtafiti Okinda Owuor na wenzake hawakuupata uhusiano huo kirahisi katika chai ya Kenya. Theaflavini ziko za aina kadhaa, na iliyobeba vipande viwili vya kemikali viitwavyo galati hukaza ulimi zaidi ya mara 6 kuliko isiyobeba hata kimoja. Basi wakaunda kipimo kinachoipa kila aina uzito kwa kadiri ya ukali wake. Mizani ikaenda kuuliza ulimi.

Ulimi nao una vipimo vyake. Kanuni ya kimataifa ya uonjaji, ISO 3103, inataka gramu 2 za chai kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Maziwa yakitumika, bakuli kubwa hupewa mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Mgeni wa Sigor akiandaliwa hivyo, atauliza ng'ombe wamepatwa na nini.