Kompyuta za chuo: Kosa la nidhamu linapogeuka kuwa jinai

CHUO kinapompa mwanafunzi mpya jina la kuingilia kwenye mtandao na neno la siri, humpa pia kurasa kadhaa za masharti. Wengi hubonyeza kitufe cha kukubali bila kuzisoma, kisha huendelea na shughuli zao.

Masharti hayo hayatofautiani sana kati ya chuo na chuo. Neno la siri lisiazimwe, mtandao usitumike kwa biashara binafsi, programu zisizo na leseni zisiwekwe, na mtu asijaribu kupita vizuizi vilivyowekwa na mafundi. Anayekiuka huonywa, hufungiwa akaunti au huitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Hata hivyo, kitendo hicho hicho kinaweza kumfikisha mtu mahakamani. Mpaka kati ya kosa la chuo na kosa la jinai ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani, na nchini Marekani, ambako mitandao ya vyuo ilitangulia, umegombaniwa kwa zaidi ya miaka 30.

Mtu wa kwanza kutiwa hatiani na baraza la wazee wa mahakama chini ya sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1986 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta alikuwa mwanafunzi. Robert Tappan Morris, aliyekuwa akisoma shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia mtandaoni programu iliyojinakili yenyewe Novemba 2, 1988. Maelfu ya kompyuta, nyingi zikiwa za vyuo na taasisi za utafiti, zililemewa.

Morris alisimamishwa masomo. Mahakama nayo ilimpa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za kijamii na faini ya zaidi ya dola 10,000. Baadaye akawa profesa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), chuo kile kile ambacho kompyuta zake alizitumia kuiachia programu hiyo.

Kesi iliyoacha jeraha kubwa zaidi ilianzia hapo hapo MIT. Mwishoni mwa Septemba 2010, kijana Aaron Swartz, aliyekuwa na nafasi ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Harvard, alijiunga na mtandao wa MIT akiwa mgeni. Chuo hicho kiliruhusu wageni kuutumia kwa siku chache kila mwaka.

Kupitia mtandao huo alianza kupakua makala za kitaaluma kutoka JSTOR, maktaba ya mtandaoni ambayo vyuo huilipia ili watu wao wasome bila kulipa mmoja mmoja. Hakupakua chache. Programu aliyoiandika ilizivuta kwa kasi ambayo binadamu haiwezi, hadi zikafikia makala milioni kadhaa.

JSTOR ilipogundua, ilifunga anwani iliyotumika. Swartz akabadilisha anwani. Mwezi Oktoba maktaba hiyo ikafunga mlango kwa MIT nzima kwa siku kadhaa, na watafiti wasiojua lolote wakakosa makala walizohitaji.

Tukio hilo linaeleza sababu ya masharti hayo vizuri kuliko waraka wowote. Kwa mwenye maktaba aliye mbali, chuo ni kama nyumba yenye mlango mmoja. Hawezi kujua ni mkazi yupi aliyekosa, hivyo huwafungia wote. Vyuo vya Afrika Mashariki vinavyopata majarida kwa mikataba ya aina hiyo viko katika hatari hiyo hiyo.

Swartz aliendelea kwa kuunganisha kompyuta yake moja kwa moja kwenye chumba cha nyaya za mtandao katika jengo la chuo. Alikamatwa Januari 6, 2011. JSTOR ilimalizana naye baada ya kurejesha alichokichukua, ikasema haikuwa na dai jingine.

Waendesha mashtaka wa serikali hawakuachia hapo. Mwaka 2012 mashtaka yaliongezwa kutoka manne hadi 13, ambayo kwa hesabu ya juu yangeweza kumfunga kwa miongo kadhaa. Januari 11, 2013, kabla ya kesi kusikilizwa, Swartz alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Ripoti iliyoagizwa na MIT yenyewe na kutolewa Julai 2013 haikukuta kwamba chuo kilivunja sheria. Ilieleza kwamba chuo kilichagua kutoegemea upande wowote, na ikahoji iwapo taasisi yenye sifa kama yake ilipaswa kukaa kimya. Swali hilo ni zito. Chuo kinapowaita polisi, ni vigumu kuirudisha kesi kwenye kamati ya nidhamu.

Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani ilikuja kuusogeza mpaka huo Juni 3, 2021, katika kesi ya Van Buren, askari polisi wa Georgia aliyetafuta taarifa za namba ya gari kwa malipo. Majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba mwenye ruhusa ya kufungua taarifa havunji sheria ya mwaka 1986 kwa sababu tu amezitumia kwa lengo lililokatazwa. Walihofu kwamba vinginevyo hata anayesoma habari kwenye kompyuta ya kazini angekuwa mhalifu.

Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ilipopitishwa mwaka 2015, ilifanya kuingia kwa makusudi na bila uhalali katika mfumo wa kompyuta kuwa kosa lenye faini isiyopungua Sh3 milioni, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Sheria hiyo pia ilikataza kuendelea kutumia mfumo baada ya muda wa ruhusa kwisha. Mhitimu anayetumia akaunti ya chuo ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga anaweza asijione mkosaji, lakini kifungu hicho kinamhusu.

Hapo ndipo masharti yale yasiyosomwa yanapopata uzito. Ili kujua kama mtu aliingia bila uhalali, lazima ijulikane kwanza aliruhusiwa nini na hadi lini, na hati inayosema hivyo ni ile ya chuo. Ikiwa imeandikwa kwa lugha ya mafumbo, au haitaji tarehe ya kufungwa kwa akaunti, mwanafunzi na chuo wote wamo gizani.

Kuhusu neno la siri, jambo ni rahisi zaidi. Kumbukumbu za seva huandika jina la akaunti, si sura ya aliyeketi mbele ya kompyuta, na aliyemwazima mwenzake ndiye atakayeitwa kwanza kujieleza.